Kupoza, Kuhami au Kuvika? Uhakiki wa Maelekezo ya Kuzungushia Ekzosi Kitambaa cha Joto

Mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu wa somo la magari katika chuo kimoja cha ufundi alituletea karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nne, akitaka tumjibu swali moja tu: je, Kiswahili kilichomo ni sahihi? Karatasi hiyo ilitoka ndani ya pakiti ya kile kitambaa chembamba kinachozungushwa juu ya bomba la moshi la gari ili joto lake lisitapakae. Maelezo yamo kwa lugha sita, na Kiswahili ndicho cha mwisho kati yazo. Hatutalitaja jina la kiwanda wala la mfasiri, kwa kuwa makosa yaliyomo si ya mtu mmoja. Mengine, kama tutakavyoonyesha, yametoka kwetu sisi tunaoshughulika na istilahi.

Jibu letu la kwanza lilikuwa ndiyo. Sarufi haikuwa na dosari kubwa, upatanisho wa ngeli ulikuwa mzuri, na maneno ya kigeni yalikuwa machache. Tukairudisha karatasi tukiwa tumeridhika. Haukupita mwezi mwalimu akatuandikia tena. Alikuwa amewapa wanafunzi wake karatasi hiyo waisome, kisha akawauliza katika jaribio: bomba lililozungushiwa kitambaa huwa na moto zaidi au huwa na moto kidogo kuliko bomba tupu? Karibu darasa zima lilijibu kwamba huwa na moto kidogo. Wote hao walikosa, na wote walikuwa wameielewa karatasi barabara. Barua hiyo ndiyo iliyotufanya tuisome karatasi upya, safari hii si kwa jicho la sarufi.

Hapana budi kwanza kukieleza kitu chenyewe. Gesi zitokazo katika injini ya petroli inayofanya kazi kwa nguvu zake zote huweza kufikia halijoto ya digrii 700 hadi 900 za Selsiasi zinapoingia katika bomba. Zile za injini ya dizeli kwa kawaida huwa chini ya hapo. Bomba tupu hupata moto mkali, nalo hulitoa joto hilo nje kwa njia mbili: hewa inayoligusa hupashwa ikapanda, na chuma chenyewe hunururisha joto kila upande, kama jiko la mkaa linavyomchoma mtu usoni ijapokuwa hajaligusa. Joto hilo huvienea vyote vilivyo chini ya boneti: nyaya, mipira ya mafuta, betri, na hata hewa inayovutwa na injini. Kitambaa tunachokizungumzia kimefumwa kwa nyuzi za kioo, au kwa nyuzi zilizovutwa kutokana na mwamba wa volkano uitwao basalti. Kati ya nyuzi hizo mna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana.

Matokeo yake ni matatu, nasi tunamwomba msomaji ayashike, maana uhakiki wote huu umesimama juu yake. Upande wa nje wa kitambaa huwa na moto kidogo kuliko ulivyokuwa uso wa bomba tupu. Gesi iliyomo ndani hubaki na moto wake kwa mwendo mrefu zaidi. Na chuma, ambacho kimenaswa katikati na kuzuiwa kulitoa joto lake, huwa na moto zaidi kuliko kilivyokuwa kabla ya kuzungushiwa kitu chochote.

Sasa tuitazame karatasi. Sentensi yake ya kwanza yasema kwamba kitambaa hiki “hupooza ekzosi.” Tuliache kwa sasa kosa la tahajia, ijapokuwa si dogo: kupoza ni kukifanya kitu kipoe, bali kupooza ni kulemaa, na hatudhani kuwa kiwanda kilikusudia kuuza kitambaa cha kuilemaza ekzosi. Kosa lililo kubwa ni kwamba hata ikiandikwa “hupoza”, sentensi hiyo si kweli. Kila nyumba ya Mswahili inajua tofauti iliyopo hapa. Mtungi hupoza maji: maji hupenya polepole katika udongo, yakakauka kwa nje, na yakikauka huondoka na joto. Kile kikapu chenye matambara ambacho akina mama hukitumia kuivishia maharage yaliyokwisha chemshwa hakipozi kitu. Kinalifunga joto la sufuria lisitoke, na anayekigusa kwa nje hulikuta vuguvugu ilhali maharage yangali yanatokota ndani. Kitambaa cha ekzosi ni ndugu wa kikapu, si ndugu wa mtungi. Mfasiri aliyeandika “hupoza” aliutazama mkono wa fundi, akasahau kulitazama bomba.

Tulikwenda katika gereji moja ili tuone kazi hiyo inavyofanywa. Mwanagenzi mmoja, aliyekuwa ameisoma pakiti, alimwuliza fundi wake mbele yetu: “Mzee, kama hii kitu inapoza, mbona unataka tuvae glavu hata baada ya kuifunga?” Fundi akamjibu kuwa vitabu vina maneno yao na ekzosi ina maneno yake. Tuliandika jibu hilo katika daftari letu bila ya kufurahi. Fundi alikuwa sahihi, kwani hata upande wa nje wa kitambaa huweza kumwunguza mtu vibaya injini ikiwa imefanya kazi kwa muda.

Sentensi ya pili yaahidi kwamba kitambaa “hupunguza joto kwa nusu.” Hapa tumekutana na tatizo ambalo walimu wa fizikia wamekuwa wakilipigia kelele kwa miaka mingi, nalo ni kuchanganya joto na halijoto. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi. Halijoto ni kipimo cha jinsi kitu kilivyo na moto. Katika mazungumzo ya kawaida twaweza kusema “joto la leo ni kali” na hakuna atakayedhurika. Katika karatasi ya ufundi, la. Tuseme uso wa bomba una digrii 600 za Selsiasi. Nusu yake ni 300. Lakini digrii hizo 600 ni sawa na 1112 za Farenhaiti, na nusu ya 1112 ni 556, yaani kama 291 za Selsiasi. Na akija mwanafizikia akahesabu kwa kipimo cha Kelvini, nusu yake itamfikisha kwenye digrii 163 za Selsiasi. Basi “nusu” hiyo ina majibu matatu, wala mnunuzi hajaambiwa ni nusu ya kitu gani: ya halijoto ya uso, ya halijoto ya hewa iliyo chini ya boneti, au ya kiasi cha joto kinachotoka. Mfasiri mwangalifu angemwandikia mwenye kiwanda barua na kumwuliza. Kutafsiri sentensi isiyo na maana kwa sentensi nyingine isiyo na maana si uaminifu kwa matini.

Tumefika sasa kwenye neno ambalo ni letu wenyewe. Katika aya ya tatu karatasi inaacha “kupoza” na kuanza kusema “kuhami bomba.” Mfasiri hawezi kulaumiwa hata kidogo. Neno kihami limekwisha zoeleka katika vitabu vya fizikia, mitihani hulitumia, na sisi tulipoliona katika karatasi tulilipigia alama ya vyema bila ya kufikiri. Lakini tulichunguze. Kuhami limetoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili limekuwa na maana ya kukinga na kutetea. Yule anayetajwa baada ya kitenzi hicho ndiye anayepata hifadhi: askari huihami nchi, mzazi huwahami watoto wake. Kwa hiyo “kuhami bomba”, kwa kanuni za lugha yetu wala si kwa kanuni za fizikia, ni kulipa bomba hifadhi. Ndivyo walivyoelewa wanafunzi wa mwalimu wetu, na walikuwa na haki ya kuelewa hivyo.

Kwa hakika bomba halipati hifadhi yoyote. Kitu pekee ambacho kitambaa hakikilindi katika gari zima ni bomba lenyewe. Chuma cha kawaida kikiachwa katika halijoto inayozidi digrii 550 hivi huanza kubambuka magamba, na bomba ambalo likiwa tupu lingebaki chini ya kiwango hicho laweza kukivuka likishazungushiwa kitambaa. Kisha kuna unyevu. Kitambaa hunyonya maji ya mvua na ya madimbwi, kikayashika dhidi ya chuma hata gari likisimama usiku kucha. Na katika miji yetu ya pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, unyevu huo una chumvi. Kutu huzaliwa chini ya kitambaa mahali ambapo hakuna aonaye. Ndiyo sababu baadhi ya watengenezaji wa mabomba hukataa kuyadhamini mabomba yao yakishazungushiwa kitambaa, na ndiyo sababu mafundi wengi hupendelea kukitumia juu ya chuma kisichoshika kutu. Mtu aliyeambiwa kwamba anakwenda “kulihami” bomba lake atayafikiriaje haya yote?

Msomaji ataweza kutupinga kwa kusema kwamba katika umeme pia twasema waya umehamiwa, na anayelindwa si waya bali ni mtu atakayeushika. Ni kweli. Lakini katika umeme kosa hilo la mwelekeo halina madhara, kwa kuwa waya haudhuriki sana kwa kuvikwa mpira. Kila mtu ajua kwamba plastiki iliyo juu ya waya ipo kwa ajili ya mkono wake. Katika joto mambo ni mengine, kwani yule anayefungwa ndiye anayelipa. Hatusemi neno kihami lifutwe. Libaki katika fizikia kama jina la sifa ya kitu: kioo ni kihami, hewa iliyotulia ni kihami, sufi ni kihami. Tunachokataa ni kulifanya kitenzi cha kazi ya gereji.

Mwenzetu mmoja katika ofisi alipendekeza kukinga, kwa hoja kwamba kitenzi hiki hukubali kulitaja lile baya linalozuiwa: twakinga jua, twakinga mvua. Basi na tukinge joto. Pendekezo hili ni zuri, ila limekwisha pata mwenyewe. Magari mengi hutoka kiwandani yakiwa na bati jembamba lililosimamishwa kati ya ekzosi na bodi, na bati hilo haliligusi bomba. Kazi yake ni kulirudisha joto linalonururika ili lisifike kwenye sakafu ya gari. Hilo ndilo kinga kwa maana kamili, nalo hulikinga gari bila ya kulifungia bomba joto lake. Tukiviita vitu viwili hivi kwa neno moja, fundi atakayeagizwa kurudisha “kinga ya joto” iliyopotea ataweza kuzungusha kitambaa mahali palipotakiwa bati.

Neno tunalolipendelea ni kuvika. Mtoto akivikwa sweta, jirani haoni tofauti yoyote, lakini mtoto mwenyewe huona joto. Na ukimvika sweta mtu mwenye homa, hata bibi asiyepita shuleni atakugombeza. Kitenzi hiki kinaueleza mwelekeo wa joto bila ya somo la fizikia. Bomba lililovikwa ni bomba lenye moto zaidi ndani ya vazi lake. Tena neno hili halitakwama kwenye magari madogo. Katika vyumba vya injini za meli, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unataka nyuso zenye halijoto inayozidi digrii 220, ambazo mafuta yaweza kuzirukia mfumo ukiharibika, zifunikwe ipasavyo. Na mtumishi wa serikali atakayetafsiri kanuni za namna hiyo atahitaji neno lile lile kwa bomba la meli, la jenereta na la trekta.

Kuhusu jina la kitu chenyewe, karatasi inakiita “mkanda wa joto.” Katika gereji mkanda ni mkanda wa feni, au ule unaofungwa kiunoni na dereva, na mtu akipiga simu dukani kuulizia mkanda ataulizwa ni wa injini gani. Utepe nao hauwezi kutufaa, kwa sababu wanunuzi wataudhania kuwa unanata kama ule wa fundi umeme, na kitambaa hiki hakinati. Mafundi tuliowatembelea hukiita bendeji. Tulipolisikia tulicheka, kisha tukanyamaza, maana neno hilo limebeba kazi nzima. Bendeji huzungushwa kwa mshazari, kila mzunguko ukiukalia kidogo ule uliotangulia, huvutwa ikakaza, hufungwa kwenye ncha, na hapa hufungwa kwa vibanio vya chuma. Hata maji yamo: kitambaa hulowekwa kabla ya kuzungushwa ili kilainike, kibane kinapokauka, na kisirushe vumbi la nyuzi, kama vile hospitalini wanavyolowesha bendeji yenye plasta. Karatasi imeandika “kichovye majini”, na kuchovya si kuloweka. Kitambaa kilichochovywa hubaki kikavu katikati ya robota lake.

Hata hivyo, bendeji ina hatari yake, wala hatutaificha kwa sababu tumelipenda neno. Bendeji hufungwa juu ya jeraha. Upo uwezekano wa dereva mwenye ekzosi iliyotoboka kuisikia bendeji na kudhani kwamba ni dawa ya tundu. Kitambaa kilichofumwa hakizuii gesi kupita. Huficha tundu tu na kupunguza mlio wake, huku kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, ikivuja na kuweza kuingia ndani ya gari na kuwaua waliomo. Hoja hii ilitushikilia kwa siku kadhaa. Mwisho tumeamua kwamba jina libaki, kwa kuwa hatuwezi kulinyang'anya kwa mafundi na hakuna lililo bora, lakini kila maelekezo yanayolitumia yaanze kwa amri ya kulikagua bomba na kuziba matundu kwa kuchomelea kabla ya kulivika.

Jina jingine tulilolikuta gerejini halifai kabisa, nalo ni asbesto. Zamani vitambaa vya namna hii vilifumwa kwa asbesto, na wazee wameendelea na jina hata baada ya kitu kubadilika. Nyuzi za asbesto zikivutwa mapafuni husababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake kuanzia mwaka 2005, na Afrika Kusini, iliyokuwa mchimbaji mkubwa, ikafanya hivyo mwaka 2008. Nyuzi za kioo huwasha ngozi na koo, na zataka glavu, mikono mirefu na barakoa, lakini si sumu ile. Fundi anayekiita kitambaa cha kioo asbesto hawezi kujua ni lini ameshika asbesto ya kweli, kwa mfano anapolivua bomba la mashine ya zamani. Hapa mwalimu hana ruhusa ya kufuata mazoea ya mitaani.

Yamebaki mawili madogo. Karatasi yasema “nyuzi hustahimili nyuzi 600.” Nyuzi za kwanza ni za kufumia, za pili ni za kipimo, tunashauri kwamba mahali popote ambapo uzi halisi unatajwa, kipimo kiitwe digrii. Na mwishoni yaonya: “Mara ya kwanza ekzosi itatoa moshi, usiogope.” Ekzosi isiyotoa moshi ndiyo ya kuogopwa. Iliyokusudiwa kufuka ni bendeji yenyewe, kwa kuwa gundi iliyotumika kiwandani huungua inapopata moto kwa mara ya kwanza. Moshi huo hukoma baada ya muda. Usipokoma, yafaa kuangalia kama kuna mafuta yanayodondokea kitambaani, kwani kitambaa kilicholowa mafuta huweza kushika moto.

Tumemrudishia mwalimu karatasi yake ikiwa na sentensi mpya za mwanzo, nazo ni hizi: “Bendeji hii ni ya kuvika bomba la ekzosi lililo zima. Hufungia joto ndani ya bomba ili lisienee chini ya boneti. Bomba lililovikwa huwa na moto zaidi kuliko bomba tupu, na huweza kuliwa na kutu au kupasuka mapema. Likague kila unapofanya sevisi. Usiiguse bendeji kwa mkono mtupu injini ikiwa na moto.”

Kuhusu tahajia ya ekzosi tumelifuata umbo hili, ingawa twajua kwamba wengine huandika egzosi na eksozi. Wasomaji walio vyuoni, gerejini na bandarini wanaombwa watuandikie iwapo wanalo neno la kazi hii ambalo sisi hatujalisikia, hasa wale wanaozihudumia injini za meli na za majahazi, kabla pendekezo la kuvika halijapelekwa mbele ya kamati.